Msoma Wasifu na Mtani: Lugha ya Filamu ya Hali Halisi Kuhusu Maisha ya Mchekeshaji, kwa Mfano wa King Majuto

Ikisiri

Makala haya yanafafanua tatizo la lugha linalomkabili mtayarishaji wa filamu ya hali halisi kuhusu maisha ya mchekeshaji wa Kiswahili. Mfano unaotumika ni maisha na kazi ya Amri Athumani (1948–2018), aliyejulikana kwa jina la King Majuto. Hoja kuu ni kwamba masimulizi ya filamu za aina hii huelekea kurithi lugha ya wasifu wa marehemu unaosomwa msibani, lugha ambayo kwa kaida yake haina nafasi ya kicheko. Hata hivyo, msiba huohuo katika jamii nyingi za Tanzania una sauti ya pili, yaani sauti ya mtani, ambayo inafaa zaidi kumweleza mtu aliyeishi kwa kuchekesha. Makala yanaonesha jinsi sauti hizo mbili zinavyoweza kuongoza maamuzi ya filamu kuhusu masimulizi, vipande vya vichekesho, lafudhi na maandishi ya chini ya picha. Mtazamaji wa Pito, Sumbawanga, anatumika kupima maamuzi hayo.

1.0 Utangulizi

Filamu ya hali halisi, ambayo wengine huiita filamu ya makala, hujengwa kwa watu, matukio na nyaraka za kweli. Inapohusu maisha ya mtu mmoja, huwa ni tawi la wasifu, na maswali yanayoulizwa kuhusu wasifu ulioandikwa huihusu pia: nani anasimulia, kwa ushahidi gani, na kwa lugha ipi. Maswali hayo huwa magumu zaidi pale mhusika anapokuwa mchekeshaji. Mwanasiasa ameacha hotuba na mwandishi ameacha vitabu. Mchekeshaji ameacha kicheko cha watu waliokuwapo, na kicheko hakihifadhiki kwa urahisi.

Katika miaka ya karibuni filamu za aina hii zimeongezeka, hasa Marekani. Mwaka 2018 zilitoka Robin Williams: Come Inside My Mind, iliyoongozwa na Marina Zenovich, na Love, Gilda, iliyoongozwa na Lisa D'Apolito. Mwaka 2025 ikafuata John Candy: I Like Me, iliyoongozwa na Colin Hanks. Kila moja ilijibu swali la sauti kwa njia yake. Ya kwanza imeijenga simulizi kwa kiasi kikubwa juu ya rekodi za Williams mwenyewe akizungumza. Ya pili imetumia kanda za sauti na maandishi ya binafsi ya Gilda Radner. Ya tatu imeegemea ushuhuda wa familia na wasanii wenzake. Njia zote tatu zinategemea sharti moja: kuwapo kwa hifadhi kubwa ya sauti na picha iliyotunzwa kwa miongo mingi.

Mchekeshaji wa Kiswahili wa kizazi cha King Majuto hana hifadhi ya namna hiyo. Kwa hiyo njia hizo haziwezi kuhamishwa kama zilivyo, na ni lazima itafutwe njia inayotokana na kaida za Waswahili na Watanzania wenyewe za kumsimulia mtu baada ya kuondoka kwake.

2.0 Miaka isiyo na picha

Amri Athumani alizaliwa Tanga mwaka 1948. Alianza kupanda jukwaani mwaka 1958, akiwa bado mtoto. Alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, akazikwa mkoani Tanga. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 60 ya sanaa, na tatizo la kwanza la filamu ni kwamba miaka hiyo haikurekodiwa kwa uwiano ulio sawa.

Zanzibar ilipata televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ilitoa filamu chache za hadithi, zikiwamo Fimbo ya Mnyonge na Arusi ya Mariamu, na haikuwa chombo cha kurekodi vichekesho vya majukwaani. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwafanya Pwagu na Pwaguzi na Mzee Jangala kuwa majina ya kila nyumba, lakini iliwahifadhi kwa sauti tu. Kwa hesabu nyepesi, kutoka mwaka 1958 hadi 1994 kuna miaka 36, zaidi ya nusu ya maisha ya kisanaa ya King Majuto, ambamo kurekodiwa kwa picha zinazotembea kulikuwa jambo la nadra.

Miaka hiyo ndiyo iliyokiunda kichekesho chenyewe. Kama Lange (1995) na Edmondson (2007) wanavyoeleza, kichekesho kilikuwa sehemu ya maonesho marefu ya vikundi vya sanaa mijini, kikichanganywa na ngoma, sarakasi, maigizo na muziki. Mchekeshaji hakuwa na matini iliyoandikwa neno kwa neno. Alikuwa na kisa, wahusika waliozoeleka, na hadhira iliyomjibu papo kwa papo. Urefu wa utani mmoja uliamuliwa na watu waliokaa mbele yake.

Wimbi la filamu za video lilipokuja baada ya mwaka 2000, King Majuto alikuwa amekwisha kupita miaka 50. Filamu nyingi alizocheza katika kipindi hicho ndizo zilizomfikisha kila pembe ya nchi, na ndizo zinazopatikana leo. Hatari iliyopo ni dhahiri. Filamu ya maisha yake ikitegemea picha zilizopo pekee, itamwonesha mzee asiyewahi kuwa kijana, na itaonesha matunda ya ufundi bila shule iliyoyazaa. Kuijaza miaka 36 iliyokosekana kunahitaji ushahidi wa aina nyingine, yaani masimulizi ya mdomo ya waliomwona. Hapo ndipo swali la lugha linapoanza.

3.0 Sauti mbili za msibani

3.1 Msoma wasifu

Katika misiba mingi ya Tanzania, kabla ya mazishi, mtu mmoja husimama na kusoma wasifu wa marehemu. Muundo wake unafahamika. Marehemu alizaliwa mahali fulani mwaka fulani, akiwa mtoto wa ngapi katika familia. Alisoma shule fulani. Aliajiriwa, akapanda vyeo. Aliugua, akatibiwa, akafariki. Ameacha mjane au mgane, watoto na wajukuu. Hufungwa kwa dua au maneno ya imani.

Kiisimu, wasifu huo una sifa nne. Kwanza, hutumia nafsi ya tatu peke yake. Pili, vitenzi vyake hujengwa kwa njeo ya wakati uliopita na kauli ya kutendwa: alizaliwa, aliajiriwa, alihamishwa, alilazwa. Tatu, hauna usemi halisi. Maneno ya marehemu mwenyewe hayasikiki. Nne, rejesta yake ni ya ofisi, hata kama marehemu alikuwa mvuvi au mkulima. Sifa hizo zina kazi yake. Zinampa kila marehemu heshima iliyo sawa na zinaizuia huzuni isivunje utaratibu.

Msimulizi asiyeonekana katika filamu nyingi za maisha ya watu hutumia lugha hiyohiyo. Nichols (2001), katika uainishaji wake wa aina za filamu za hali halisi, anaiita aina hii ya ufafanuzi: sauti inayojua kila kitu inaeleza, na picha zinathibitisha. Kwa Kiswahili, sauti hiyo imepata mfano uliokwisha kuwapo masikioni mwa watu, ambao ni wasifu wa msibani ukiongezewa kiimbo cha taarifa ya habari. Mtazamaji huutambua mara moja, na mara moja huketi kama mtu aliye msibani.

Kwa mchekeshaji, matokeo yake ni kupotosha. Sentensi isemayo kuwa marehemu alikuwa hodari wa kuchekesha ni kweli, lakini haichekeshi, na mtazamaji ambaye hakumjua atalazimika kuamini bila kuona.

3.2 Mtani

Msiba huohuo una sauti nyingine. Katika jamii nyingi za Tanzania, watani wa marehemu hufika wakiwa na ruhusa ya kufanya yale ambayo mtu mwingine akiyafanya atatozwa faini. Mtani huweza kuiga mwendo wa marehemu, sauti yake na ubahili wake. Huweza kulalamika kuwa marehemu amekufa na deni. Huzuia shughuli hadi apewe chochote. Waombolezaji hucheka huku machozi hayajakauka. Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa utani kuwa ni uhuru wa kukosea adabu ambao umewekewa mipaka na desturi, na Moreau (1944) aliuonesha utani kuwa umeenea kati ya makabila mengi ya Tanganyika ya wakati huo.

Sifa za kiisimu za mtani ni kinyume cha zile za msoma wasifu. Mtani husema kwa nafsi ya kwanza na ya pili, akimwambia marehemu moja kwa moja. Hutumia wakati uliopo. Hunukuu, na ananukuu kwa sauti na lafudhi ya anayemnukuu. Tena, hasemi peke yake: utani hauwi utani mpaka ujibiwe. Zaidi ya yote, mtani hatoi taarifa kuwa marehemu alikuwa bahili. Anamrudisha marehemu akiwa bahili mbele ya watu.

Kwa hiyo mtani anafanya, kwa mwili na sauti, kile ambacho filamu ya mchekeshaji inatakiwa kufanya kwa picha. Hii haina maana kwamba msoma wasifu afukuzwe. Bila yeye, mtazamaji hatajua Tanga iko wapi katika hadithi wala mwaka upi ulitangulia upi. Inayopendekezwa hapa ni mizani: tarehe na mahali vibaki kwa msoma wasifu, na tabia, ufundi na ucheshi viachiwe watani. Wasanii wenzake waliocheza naye, majirani na jamaa wasiulizwe tu kwamba alikuwa mtu wa namna gani. Waombwe kuonesha alivyosema na alivyotembea. Kuiga kwao ni ushahidi, hasa kwa ile miaka ambayo haikupata kamera.

4.0 Kichekesho kama ushahidi

Uamuzi wa pili wa lugha ni urefu wa kipande cha kichekesho kinachooneshwa. Mhariri wa picha huvutwa kukata kipande pale penye neno la kuchekesha na kuliweka kama pambo kati ya mahojiano mawili. Uchukuliwe mfano wa tukio la aina inayofahamika sana katika vichekesho: kijana anamwomba mjomba bahili nauli. Mjomba anauliza swali ambalo halihusiani. Kijana anajibu. Mjomba ananyamaza, anashika mfuko, anauachia, kisha anasema neno moja. Ukilikata neno hilo moja na kuliweka peke yake, limebaki neno tu. Kinachochekesha ni ukimya uliotangulia na matumaini ya kijana yaliyopandishwa kisha yakashushwa. Bergson (1900) aliona chanzo cha kicheko katika ukakamavu wa kimashine unaojitokeza ndani ya kiumbe hai. Ukakamavu huo hauonekani katika neno moja, kwa sababu unahitaji marudio na muda.

Hoja hii ina uzito zaidi kwa King Majuto kwa kuwa sehemu kubwa ya ucheshi wake ilikaa katika mgongano wa rejesta. Mhusika wake aliyezoeleka ni mzee wa pwani, mwepesi wa hasira, mgumu wa kutoa, na mwenye tamaa asizoweza kuzificha. Mzee huyo alipata mwenzi wa kumfaa katika Sharo Milionea, yaani Hussein Ramadhani Mkiety, aliyefariki kwa ajali ya gari wilayani Muheza, Tanga, Novemba 2012. Sharo alicheza kijana sharobaro, mwenye mavazi na madaha ya mjini na Kiswahili kilichochanganywa na vionjo vya Kiingereza. Wawili hao wanapokutana, lugha mbili zinagombana: Kiswahili cha barazani, chenye methali na makaripio, na Kiswahili cha vijana, chenye misimu na maringo. Hadhira inacheka kwa sababu kila mmoja anamsikia mwenzake kama mgeni ilhali wote wanasema lugha moja. Kipande kinachompa mtazamaji upande mmoja tu wa mazungumzo kinaiondoa maana yenyewe.

Mfano wa Kenya unaongeza jambo jingine. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana na watazamaji wa kipindi cha Vitimbi kwa jina la Mzee Ojwang. Mhusika wake alikuwa na jina la Kijaluo na lafudhi ya Kijaluo, na watazamaji wengi waliamini kuwa Wanjau mwenyewe alikuwa Mjaluo. Alikuwa Mkikuyu. Lafudhi hiyo ilikuwa vazi alilolishona kwa sikio makini. Filamu ya maisha ya msanii kama huyo ikimwonesha katika uigizaji pekee, itakuwa imemsimulia mhusika na kumsahau mtu. Ikimwonesha katika mahojiano pekee, itakuwa imeuficha ufundi. Sauti hizo mbili zikiwekwa karibu, mtazamaji asikie Wanjau akiwa Wanjau kisha akiwa Ojwang, filamu itakuwa imeonesha kwa sekunde chache kile ambacho msimulizi asingeweza kukieleza kwa dakika kumi.

5.0 Mtazamaji wa Pito

Hadi hapa mtazamaji ametajwa kana kwamba ni mmoja. Siye. Pito ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga, katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa. Kutoka Tanga hadi Pito ni kuivuka nchi kutoka mwambao wa Bahari ya Hindi hadi upande wa mpaka wa Zambia. Wenyeji wengi wa Ufipa huanza na Kifipa, lugha ya Kibantu ambayo Guthrie aliiainisha kama M13, kisha hujifunza Kiswahili shuleni, kanisani, sokoni na redioni. Kwa msemaji wa namna hiyo, mzee wa pwani katika filamu za King Majuto si babu wa nyumbani. Kiswahili chake ni cha watu wa mbali, na hilo nalo ni sehemu ya ladha.

Mtazamaji huyu ni muhimu kwa sababu filamu za video hazikuishia mwambao. Zilisafiri kwa kanda na diski hadi vibanda vya video vya bara, na umaarufu wa King Majuto kitaifa haukutengenezwa na watu wa Tanga na Dar es Salaam peke yao. Hata hivyo, ni rahisi kwa filamu ya maisha kuwahoji walio karibu na studio pekee. Ikifanya hivyo, itasema kwamba taifa zima lilicheka, na itaonesha jiji moja likicheka.

Endapo kamera itafika Pito, uamuzi wa tatu wa lugha utajitokeza: maandishi ya chini ya picha. Wasemaji wengi wa bara hubadili sauti th, dh na gh kuwa s, z na g. Kwa matamshi hayo, dhahabu huwa zahabu, ghali huwa gali, na thamani hukutana na samani. Muktadha huwa unatosha kumwonesha msikilizaji kinachokusudiwa. Ikiwa mwandaaji ataweka maandishi ya Kiswahili sanifu chini ya Kiswahili cha mkulima wa Pito, ilhali mzee wa Tanga mwenye maneno yake ya pwani ameachwa bila maandishi, filamu itakuwa imetoa hukumu ya kiisimu bila kuitamka: kwamba Kiswahili cha mmoja ni lugha na cha mwingine kinahitaji mkalimani. Kanuni inayopendekezwa ni rahisi. Maandishi ya Kiswahili yawekwe kwa wote, kwa manufaa ya viziwi na ya kumbukumbu, au yasiwekwe kwa yeyote. Nayo tafsiri ya Kiingereza ifuate kipimo kilekile: asilainishwe mmoja na kuachwa mwingine akiwa na makosa.

Kuna sababu nyingine inayoifanya Ufipa kuwa kipimo kizuri. Jina la Sumbawanga limekuwa bidhaa ya mzaha wa kitaifa. Likitajwa nje ya mkoa, mara nyingi hutajwa kwa uchawi na radi. Ajabu ni kwamba maelezo yanayosimuliwa sana kuhusu asili ya jina hilo yanalihusisha na maneno yenye maana ya kuutupa uchawi, yaani agizo la kuuacha na si sifa ya kuwa nao. Mzaha huo mara nyingi huitwa utani, lakini kwa mujibu wa ufafanuzi uliotolewa katika sehemu ya 3.2 haujatimia. Mtani ana haki ya kujibu. Kichekesho kinachotamkwa Dar es Salaam kuhusu mtu wa Sumbawanga asiyekuwapo ni kauli ya upande mmoja. Filamu inayokwenda Pito kumuuliza mtazamaji alicheka nini, na ni wapi hakucheka, inampa nafasi ya kujibu, na kwa kufanya hivyo inaurudishia utani sharti lake.

6.0 Haki ya picha na mwisho wa hadithi

Uamuzi wa mwisho unahusu jinsi filamu inavyomaliza. Ugonjwa wa King Majuto, uliomfikisha hadi India kwa matibabu, uliibua mjadala wa hadharani kuhusu mikataba ya wasanii: iweje mtu ambaye uso wake uliuza filamu nyingi na matangazo ahitaji kuchangiwa gharama za tiba? Mjadala huo ni sehemu halali ya maisha yake na filamu haiwezi kuuepuka. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawatambua waigizaji kuwa wenye haki, lakini haki inayotambuliwa na sheria huweza kuhamishwa kwa mkataba wa ukurasa mmoja. Jambo hilo linaigusa filamu yenyewe, kwa kuwa vipande inavyovihitaji huenda vinamilikiwa na wasambazaji na si na familia. Filamu inayosikitikia mikataba hafifu ya marehemu inapaswa kuwa na mkataba mzuri na warithi wake.

Lakini mjadala huo ukiachwa utawale, utaigeuza miaka 60 kuwa utangulizi wa miezi michache ya mwisho. Masimulizi ya mchekeshaji aliyecheka nje huku akilia ndani yana mvuto mkubwa, na yamerudiwa mno. Kwa lugha ya makala haya, huo ni ushindi wa msoma wasifu: aliugua, akatibiwa, akafariki. Mtani hamalizi hivyo. Yeye hudai deni lake hata jeneza linapoondoka, na katika kudai huko anakataa kwamba uhusiano umekwisha. Suala la mikataba linaweza kusemwa kwa sauti yake pia. Hakuna utani mkali kuliko mzee aliyeigiza ubahili maisha yake yote, huku waliofaidika na kazi yake wakiwa ndio mabahili wa kweli.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kuwa lugha ya filamu ya maisha ya mchekeshaji ndiyo inayoamua ni ushahidi gani utasikika. Msimulizi anayefuata kaida ya wasifu wa marehemu hutoa tarehe na heshima, na hunyima kicheko. Mtani hurudisha sauti, mwendo na majibizano, na ndiye anayeweza kuijaza miaka ambayo kamera haikuwapo. Kutokana na sauti hizo mbili yamependekezwa mambo manne: kugawana kazi kati ya msimulizi na waigaji, kuonesha kichekesho kikiwa kizima, pamoja na ukimya na majibu yake, kuzipa lafudhi zote za Kiswahili hadhi iliyo sawa katika maandishi ya chini ya picha, na kutokiacha kifo kiyameze maisha.

Kazi hii ina haraka. Waliomwona King Majuto akiwa kijana jukwaani ni wazee sasa, na kila mmoja wao ni kanda isiyo na nakala. Utafiti wa isimujamii na wa fasihi simulizi una zana za kuwarekodi kabla ya filamu yoyote kutengenezwa: mahojiano, unukuzi unaohifadhi matamshi, na uchambuzi wa mazungumzo. Zana hizo zikianzia Tanga na kufika Pito, rekodi itakayopatikana itakuwa na mchekeshaji na pia watu waliocheka.